Kwa Nini Mama Huchelewa

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa Jubilei, juu ya matibabu ya watoto wadogo vijijini

Wazee wetu, ndugu zetu, nanyi mama zetu mliofunga safari tangu alfajiri na watoto mgongoni:

Tumepewa heshima ya kusema nanyi katika sikukuu hii, na tumepewa jambo moja la kulinena, nalo ni matibabu ya watoto wadogo katika vijiji vyetu vya bonde la Kilombero na vilima vya Mahenge. Siku kama hii watu hupenda kusikia habari za majengo yaliyojengwa na safari zilizofanywa na waliotutangulia. Habari hizo ni njema, na wenzetu wamekwisha kuzieleza vizuri kuliko tuwezavyo sisi. Sisi twataka kusema habari ya njia: njia itokayo mlangoni pa nyumba ya mama mwenye mtoto mgonjwa hata mlangoni pa zahanati. Maana nyumba ya dawa, ijapokuwa nzuri namna gani, haimfai mtoto asiyefikishwa.

Liko swali moja ambalo mama wengi wa shamba wamelisikia wakifika na mtoto aliyezidiwa: “Mama, ulikuwa wapi siku zote hizi?” Mara nyingi huulizwa kwa ukali, mbele za watu, na mama huinamisha kichwa asijibu. Leo twaomba ruhusa tumjibie. Neno letu ni hili: mama huyo hakukaa bure. Tangu saa mtoto alipopata joto, alikuwa akipita vizuizi, kimoja baada ya kimoja, na karibu kila kizuizi kilikuwa mikononi mwa mtu mwingine wala si mikononi mwake. Tena tusemapo mama, twasema kila mlezi, maana watoto wengi siku hizi hulelewa na bibi zao, au na shangazi, au na dada aliye mtoto bado.

Kwanza tutoe shukrani panapostahili. Uchunguzi wa afya uliofanywa katika nchi yetu mwaka 1999 ulionyesha ya kuwa katika watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 walikufa kabla ya kutimiza miaka 5. Uchunguzi wa mwaka 2004 na 2005 ulionyesha 112. Ule wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha 67. Na ule wa mwaka 2022 ulionyesha 43. Hayo si mambo madogo. Wazee waliomo humu wanakumbuka siku ambazo karibu kila nyumba ilikuwa na kaburi dogo nyuma yake.

Wala bonde letu halikuwa nyuma katika kazi hiyo. Kati ya mwaka 1996 na 2000, katika wilaya za Kilombero na Ulanga, vyandarua vyenye dawa viliuzwa kwa bei ndogo madukani na vijijini, na wachunguzi wa Ifakara wakahesabu ya kwamba watoto waliolala ndani yake walizidi kupona na kuishi kuliko wenzao. Baadaye zikaja chanjo mpya, na tangu mwaka 2006 dawa ya mseto ya malaria. Fundisho lake ni wazi: kitu chema kikisogezwa karibu na mama, mama hukitumia. Hajapata kuwa adui wa afya ya mtoto wake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Lakini 43 katika 1,000 maana yake ni karibu mtoto mmoja katika kila watoto 23. Na katika hao 43, watoto 24 hufa kabla ya kumaliza mwezi wa kwanza. Tena magonjwa yanayowaua wale waliokwisha kuvuka mwezi huo si magonjwa ya ajabu. Ni malaria, na nimonia, na kuhara. Malaria ina dawa ya mseto. Nimonia ina dawa ya vidonge ambayo huyeyushwa katika kijiko cha maji. Kuhara kuna maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa, pamoja na vidonge vya zinki. Dawa hizi si za bei kubwa, na zahanati ya kijiji imewekwa ili iwe nazo. Basi mtoto akifa kwa magonjwa haya, mara nyingi si kwa kuwa dawa haijulikani duniani. Ni kwa kuwa mtoto na dawa hawakukutana kwa wakati. Na malaria kali haingoji. Yaweza kumuua mtoto mdogo ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo kila kizuizi tutakachokitaja kipimeni kwa saa, wala si kwa siku.

Kizuizi cha kwanza ni jina la ugonjwa.

Mlezi hana budi kwanza kujua ya kwamba mtoto ni mgonjwa, tena ugonjwa ni wa namna ya kupelekwa zahanati. Hapa majina tuliyorithi hutupeleka pengine njia isiyo yake. Mtoto akishikwa na mtukutiko wa mwili na macho kugeuka, watu wetu huiita degedege, na wengi wa kale walisema ya kuwa ni kazi ya pepo ajaye kwa mfano wa ndege. Wakamfukiza mtoto kwa mavi ya tembo, wakamwosha kwa majani, wakakataza asipigwe sindano, wakisema mwenye degedege akichomwa sindano hufa. Tusiwacheke. Waliyaona kwa macho yao: mtoto alipelekwa hospitali siku ya tatu, amekwisha kulegea, akapigwa sindano, akafa. Wakahesabu ya kuwa sindano ndiyo iliyoua, kumbe iliyoua ni zile siku mbili zilizotangulia. Siku hizi wengi wamekwisha kujua ya kwamba degedege mara nyingi ni malaria iliyopanda kichwani, na wengi hukimbilia tabibu kwanza. Lakini hofu ya kale haijaisha, na usiku wa manane hofu hupata nguvu.

Tena kuna kimeo. Mtoto akikohoa sana, hupelekwa kwa fundi akatwe kimeo, akarudi nyumbani anatoka damu, na nimonia iko pale pale kifuani. Kuna na yale yaitwayo meno ya plastiki: mtoto ana homa na kuhara, na ufizi wake huchimbwa kwa chuma. Hakuna ugonjwa wa namna hiyo. Kilichomo katika ufizi ni jino changa la mtoto, na kidonda kinachofanywa ni mlango mpya wa maradhi.

Kizuizi cha pili ni ruhusa.

Jambo hili hatupendi kulisema mbele ya watu, lakini hatuna budi. Katika nyumba nyingi mama ndiye ajuaye kwanza ya kuwa mtoto ni mgonjwa, naye ndiye wa mwisho kuamua. Fedha iko kwa mume, na mume yuko shamba la mbali, au mtoni kuvua, au mjini kutafuta kazi. Akiondoka bila kumwambia, akarudi na deni la nauli, atasemwa. Mama mkwe naye ana shauri lake, kwa kuwa yeye amelea watoto wanane na hakupata kukimbilia zahanati kwa homa ya usiku mmoja. Basi mama hungoja. Hupiga simu na simu haipatikani. Kumekucha, na homa imepanda. Hakuna aliyemnyima ruhusa. Hakuna aliyempa tu.

Kizuizi cha tatu ni mfuko.

Twajua sera ya nchi: mtoto aliye chini ya miaka 5 hutibiwa bila malipo katika vituo vya Serikali. Sera hii ni njema, na twaisifu. Lakini mama wa shamba hujifunza upesi ya kwamba bila malipo si bila gharama. Kuna nauli ya pikipiki, na usiku nauli huongezeka. Kuna dawa iliyokwisha katika kabati la zahanati, ambayo yapaswa kununuliwa katika duka la dawa. Mtoto akilazwa hospitali ya mbali, kuna chakula cha mlezi, na sabuni, na siku ambazo hakuna mtu shambani. Siku nne wodini wakati mpunga unapoiva ni chakula cha kwelea. Mama analijua jambo hili anapopima safari. Wala hapimi kwa ubahili, bali kwa kuwa nyumbani ameacha watoto wengine watatu watakaokula mpunga ule ule.

Tena angalieni majira. Malaria huzidi wakati wa mvua nyingi na baada yake kidogo, na huo ndio wakati ambao ghala ni tupu na mpunga bado mbichi. Ugonjwa huja mwezi ambao hakuna fedha. Fedha huja mwezi ambao ugonjwa umepungua.

Wako watakaosema, Vijijini sote tu maskini, basi sote twapata shida sawa. Si kweli. Mwaka 2003 jarida la tiba liitwalo The Lancet lilichapisha uchunguzi uliofanywa katika wilaya nne za kusini na mashariki ya nchi yetu, ambazo Kilombero na Ulanga zimo. Wachunguzi walikwenda nyumba kwa nyumba, mahali ambapo mgeni angaliona ya kuwa watu wote ni hali moja. Lakini walipopima vema, walikuta ya kwamba wale walio afadhali kidogo, wenye baiskeli na redio na bati juu ya nyumba, walizijua zaidi dalili za hatari, wakapeleka watoto wao kituoni zaidi, na watoto wao wakapata zaidi dawa iliyofaa. Wale wa chini kabisa walipata kidogo kuliko wote. Basi hata katika kijiji kimoja, chini ya mvua moja, yuko mtoto aliye karibu na dawa na yuko aliye mbali, na nyumba zao zimepakana.

Kizuizi cha nne ni njia yenyewe.

Tangu mwaka 2007 mpango wa Serikali umekuwa zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata, na majengo mengi yamesimama kwa mpango huo, mengine kwa matofali mliyoyafyatua ninyi wenyewe. Lakini kilomita 5 za ramani si kilomita 5 za mama mwenye mtoto mgongoni mwezi wa Machi. Bonde letu hujaa maji. Kijito kilichovukwa kwa hatua mbili mwezi wa Oktoba hutaka mtumbwi baada ya Krismasi. Wengi waliomo humu walivuka Mto Kilombero kwa pantoni miaka mingi, wakingoja ng'ambo na mgonjwa aliyefunikwa kanga, kwa kuwa pantoni imeharibika au usiku umeingia. Daraja lililofunguliwa rasmi mwaka 2018 limeondoa shida hiyo kubwa, na Mungu awabariki waliolijenga. Lakini daraja ni moja, na vijito ni vingi.

Tena kuna jambo ambalo ramani haionyeshi kabisa, nalo ni dungu. Mvua zinapoanza, nyumba nyingi huhama kijijini na kwenda kukaa mashambani, mwendo wa saa nyingi, ili kulima na kuamia ndege. Zahanati yabaki kijijini pamoja na wazee. Watoto wadogo wako mashambani pamoja na mbu. Katika miezi ile ile ya hatari, watoto wetu wahesabiwa kuwa karibu na zahanati, na kumbe hawako karibu nayo. Na ndugu zetu wafugaji, wanaofuata malisho, hali yao ni hiyo kwa mwaka mzima; na pengine wakifika, hapana mtu wa kusema nao kwa lugha yao.

Kizuizi cha tano ni mapokezi.

Mama amevuka yote hayo. Amefika. Sasa twende polepole, maana hapa ndipo safari ya pili huamuliwa. Zahanati nyingi za shamba zina watumishi wawili, au mmoja. Akiwa amekwenda semina au kuchukua dawa wilayani, mlango umefungwa. Akiwapo, amekwisha kuona wagonjwa 60 tangu asubuhi, wala hapana wa kumpokea zamu. Kipimo cha malaria kimekwisha, au dawa imekwisha. Mama huambiwa, Rudi kesho. Au huulizwa lile swali, ulikuwa wapi, nayo kadi yako ya kliniki iko wapi, na mbona mtoto mchafu. Akirudi kijijini hatasema habari ya dawa aliyopewa. Atasema habari ya maneno aliyoambiwa. Na jirani yake, mtoto wake akiugua mwezi ujao, atakaa siku moja zaidi nyumbani ili aone kwanza. Hivyo neno moja kali laweza kumchelewesha mtoto ambaye msemaji hakumwona wala hatamwona.

Twasema haya pasipo kuwadharau watumishi wa zahanati. Wengi wao wamekaa na watu wetu mahali ambapo wengine hukataa kupelekwa, katika nyumba zinazovuja, mbali na watoto wao wenyewe. Twataka tu ijulikane ya kuwa mapokezi mema ni sehemu ya dawa. Katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini watumishi walifundishwa kumwangalia mtoto mzima, dalili kwa dalili, wala si kumpa dawa ya homa tu, na kumweleza mama kwa upole la kufanya nyumbani. Wachunguzi walipohesabu baada ya miaka miwili, vifo vya watoto vilikuwa pungufu kwa 13 katika kila 100 kuliko katika wilaya ambazo mafundisho hayo hayajafika. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2004. Hawakujenga hospitali mpya. Walifundisha watu kutazama na kusema.

Basi, ndugu, tumehesabu vitano: jina, ruhusa, mfuko, njia, na mapokezi. Tazameni sasa ni nani aliyevishika. Jina la ugonjwa limeshikwa na bibi na fundi wa kijiji. Ruhusa imeshikwa na baba. Mfuko umeshikwa na nyumba na jamaa. Njia imeshikwa na kijiji na Serikali. Mapokezi yameshikwa na mtumishi na kamati ya zahanati. Mama ameshika nini? Ameshika mtoto. Na sisi huuliza aliyeshika mtoto kwa nini amechelewa.

Wengi wa hao tuliowataja wamo katika mkutano huu. Ndiyo sababu tumeona vema kuyasema hapa, wala si kuyaandika barua na kuyapeleka mbali. Mambo ya barabara kubwa, na mishahara, na ghala za dawa, ni ya Serikali, nasi twaendelea kuyaomba. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na mwaka 2024 ukazinduliwa mpango wa kufundisha wahudumu wa afya wa vijijini zaidi ya 137,000. Twautazamia msaada huo kwa moyo mwema. Lakini yako mambo yasiyongoja bajeti ya mtu, nasi twayataja kwa kufuata mpango ule ule.

Juu ya jina la ugonjwa: kila jumuiya ijifunze dalili za hatari hata watoto wa shule waziseme kwa moyo. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya. Mtoto anayetapika kila kitu. Mtoto aliyeshikwa na degedege. Mtoto aliyelegea au asiyeamka: huyo hangoji asubuhi. Na mtoto anayekohoa, ahesabiwe pumzi zake kwa dakika nzima, akiwa ametulia. Mtoto aliye chini ya miezi 2 akifika pumzi 60 au zaidi; wa miezi 2 hata 11, pumzi 50 au zaidi; wa mwaka 1 hata miaka 5, pumzi 40 au zaidi: apelekwe siku ile ile. Kuhesabu hakutaki elimu kubwa. Kwataka saa na subira. Tena twaomba bibi zetu na mafundi wa miti shamba waitwe katika mafundisho haya wa kwanza, wala si wa mwisho. Mtu akidharauliwa hujificha na kazi yake. Akiheshimiwa aweza kuwa mlinzi wa njia, akasema, Huyu si wa kwangu, mpelekeni.

Juu ya ruhusa: twawaomba akina baba jambo moja lisilo na gharama. Ruhusa itolewe kabla ya homa. Baba aseme leo, mbele ya mkewe na mama yake mzazi: “Mtoto akipata dalili hizi, nenda. Usiningoje. Deni litakalotokea ni langu.” Maneno hayo yakisemwa mara moja na kusikiwa na mashahidi, yamekwisha kufungua kizuizi kizima. Baba asafiriye aache fedha ya nauli mahali palipojulikana, kama aachavyo chakula.

Juu ya mfuko: ninyi mmekwisha kuvizoea vikundi vya kuweka na kukopa. Kila kikundi kitenge fungu dogo la watoto wagonjwa, lenye kanuni moja tu: fedha hutolewa usiku ule ule, na maswali huulizwa kesho. Haba na haba hujaza kibaba. Na wakati mzuri wa kulijaza fungu hilo ni wakati wa kuuza mpunga, maana fungu linaloanzishwa mwezi wa Machi huanza tupu.

Juu ya njia: kila kitongoji kijue kwa jina ni kijana gani mwenye pikipiki atakayeitika usiku, na nauli yake ipatanwe mchana, wakati hakuna aliaye. Wanaokwenda mashambani waondoke na kadi za watoto, na vyandarua, na maji ya chumvi na sukari yaliyo katika pakiti. Tena kila kundi la madungu liwe na mtu mmoja aliyefundishwa hizo dalili. Kwa mama mjamzito, na aliyejifungua, na mtoto mchanga, kuna namba ya simu 115, ambayo haina malipo, ya kuitia usafiri wa dharura. Namba hii iandikwe kwa mkaa ukutani katika kila nyumba yenye mama mjamzito. Mmesikia ya kuwa zaidi ya nusu ya wanaokufa ni watoto wa mwezi wa kwanza. Kwa hao saa moja ni kubwa.

Juu ya mapokezi: kamati za zahanati zisiwe za kukutana wakati wa ugeni tu. Zina haki ya kuuliza dawa imekwisha lini, na imeombwa lini. Zimtazame na mtumishi, kama ana nyumba isiyovuja na maji karibu, maana mtu aliyechoka hawezi kuwa mpole siku zote. Na jambo la mwisho tunaloliomba ni dogo kuliko yote. Lile swali la kale, “Ulikuwa wapi?”, libadilishwe. Badala yake mtumishi aulize: “Ni nini kilichokuzuia?” Na jibu aliandike katika daftari, neno moja au mawili: mume hayupo, nauli, mto umejaa, tulikuja jana tukakuta mlango umefungwa. Kila baada ya miezi mitatu daftari hilo lisomwe mbele ya kamati na wazee wa kijiji, pasipo kutaja jina la mtu. Ndipo tutakapojua ni kizuizi kipi kinachoua katika kijiji kipi, nasi hatutapoteza nguvu zetu kuziba tundu lisilovuja.

Labda mtu atasema, Haya ni mambo ya Bwana Mganga Mkuu, yatuhusu nini sisi? Twajibu kwa mithali ya wazee: mkono mmoja haulei mwana. Mwana hakulelewa kwa mkono mmoja alipokuwa mzima; itakuwaje aachiwe mkono mmoja akiwa mgonjwa?

Jubilei ni siku ya kuhesabu. Tumehesabu miaka, na parokia, na shule, na zahanati. Twaomba mwakani tuhesabu na daftari hizo tulizozisema: ni walezi wangapi waliofika siku ya kwanza ya ugonjwa, na wangapi siku ya tatu, na nini kilichowazuia hao wa siku ya tatu. Hesabu hiyo ikianza kugeuka, hata kwa watoto kumi tu katika kijiji kimoja, itakuwa kazi iliyoistahili sikukuu hii.

Mama mliokuja na watoto mgongoni, meza za chanjo na mizani ziko chini ya mwembe, upande wa kuume wa uwanja, na watumishi wamekaa tayari hata saa kumi ya jioni. Hapana malipo, wala hapana atakayewauliza mmekuwa wapi.